Historia Yetu: Chombo Kizima Kinapoachwa na Wenzake

Wale mliosikiliza redioni mtaona kwamba maneno haya ni yale yale. Wale ambao hamkusikiliza, someni polepole, na kila mfikapo mwisho wa sehemu simameni kidogo mzungumze na mwalimu wenu.

Leo hatutasema habari za vita wala za wafalme. Tutasema habari ya jambo linaloingia katika nyumba ya kila mtu, tajiri na maskini. Mtu ana chombo chake. Chombo ni kizima. Hakikuvunjika, hakikuungua, hakikuingia maji. Jana kilifanya kazi vizuri. Leo hakifanyi. Kisa chake ni nini? Kisa ni kwamba vyombo vingine vyote vilivyokuwa vikizungumza nacho vimebadili lugha, nacho kimebaki na lugha yake ya zamani. Kinaita, wala hakuna anayekiitikia.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Limetokea mara nyingi, na kila mara wako watu waliovuka salama na wako waliopata hasara. Basi tutazame historia yake, tujue waliovuka walivukaje.

1. Maneno ya fundi wa Kariakoo

Tuanze mahali panapojulikana na watu wote wa Dar es Salaam, yaani Kariakoo. Wajerumani walijenga hapo jengo walilolikusudia liwe soko, lakini Vita Kuu ya Kwanza ikawakuta. Waingereza walipouteka mji mwaka wa 1916, waliwaweka hapo wapagazi wa jeshi lao. Watu wa mjini wakalitamka jina la Kiingereza la kikosi kile kwa ulimi wao wenyewe, likawa Kariakoo. Vita ikaisha, wapagazi wakaondoka, jina likabaki. Baadaye likajengwa soko kubwa lililochorwa na Bwana Beda Amuli, msanifu wa majengo wa Kitanzania, nalo likafunguliwa mwaka wa 1975.

Pitieni mitaa iliyo karibu na soko, kama Msimbazi, Kongo na Agrey. Mtawakuta mafundi wa redio, televisheni na simu wameketi nyuma ya meza zao ndogo, bisibisi mkononi. Mpelekee fundi chombo chako ukisema kimeharibika. Mara nyingine atakifungua, atakipima, kisha atakurudishia akisema, "Hiki si kibovu, ila kimepitwa na wakati."

Angalieni tofauti ya maneno hayo. Kitu kibovu kina dawa yake. Waya umekatika, utaungwa; betri imekufa, utanunua nyingine. Lakini kitu kilichopitwa hakina jeraha la kufunga. Ndani yake kila kitu ni barabara. Kasoro iko nje yake, nako nje fundi hawezi kukufikia kwa bisibisi.

Ili tuelewe vizuri, tutauliza maswali matatu kila tufikapo kwenye mfano mpya. Swali la kwanza: je, watu walipewa habari mapema? Swali la pili: je, ulikuwapo muda ambapo cha zamani na kipya vilitumika pamoja? Swali la tatu: je, alikuwapo mkalimani wa kusimama kati ya hivyo viwili, na gharama yake ililipwa na nani? Yawekeni maswali haya moyoni.

2. Mtu ajuaye kusoma akawa kama asiyejua

Mfano wa kwanza utawagusa ninyi hasa mlio katika darasa la kisomo. Herufi hizi mnazojifunza, a, e, i, o, u na nyingine, si herufi za kwanza za Kiswahili. Kwa karne nyingi watu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Waliandika barua, mashairi, hesabu za biashara na mapatano ya kuuziana mashamba. Hata Wajerumani walipoanza kutawala, mwanzoni walipokea na kupeleka barua za namna hiyo, kwa sababu maliwali na maakida wengi waliandika kwa herufi hizo.

Lakini wamishonari walikuwa wamekwisha kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na shule ya Serikali iliyofunguliwa Tanga katika miaka ya 1890 ilifundisha herufi hizo. Mwaka wa 1904 gazeti la Kiongozi lilianza kutoka huko Tanga, nalo lilichapwa kwa herufi za Kirumi. Waingereza waliendelea katika njia hiyo hiyo. Mwaka wa 1925 ulifanyika mkutano wa elimu hapa Dar es Salaam, na mwaka wa 1930 iliundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ili vitabu vyote viandikwe kwa Kiswahili kimoja na tahajia moja. Msingi wake ulikuwa Kiswahili cha Unguja.

Sasa fikirini habari ya mzee mmoja wa pwani wa siku zile. Alijua kusoma. Alijua kuandika. Jirani zake walimpelekea barua zao awasomee. Kisha ofisi ikabadili herufi. Mzee hakusahau hata neno moja, macho yake hayakupofuka, lakini mbele ya karani alikuwa sawa na mtu ambaye hajaingia darasani hata siku moja. Elimu yake ilikuwa nzima, ila ofisi haikuiitikia tena.

Tuulize maswali yetu. Habari ya mapema? Hakuna tarehe iliyotangazwa kwamba siku fulani herufi za zamani zitakoma. Zilisukumwa pembeni kidogo kidogo. Muda wa kupishana? Ulikuwapo, maana watu waliendelea kuandikiana barua na mashairi kwa herufi za Kiarabu nyumbani mwao. Mkalimani? Hapa ndipo palipokuwa na upungufu mkubwa. Mtu mzima hakufunguliwa darasa la kumhamisha kutoka herufi hizi kwenda zile. Waliofundishwa ni watoto. Gharama aliilipa mzee mwenyewe, na aliilipa kwa heshima yake.

Hata hivyo si yote yaliyopotea. Wako waliohifadhi maandiko ya zamani, na leo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyiko mkubwa wa hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wataalamu wanaojua herufi zote mbili huzihamisha ili sisi tuweze kuzisoma. Wao ndio wakalimani waliokosekana siku zile.

3. Fedha: mlango uliofungwa kwa utaratibu

Mfano wa pili ni fedha. Tarehe 14 Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa, na nchi yetu ikaanza kutoa shilingi yake yenyewe mahali pa shilingi ya Afrika Mashariki. Mabadiliko yale hayakuwapa watu taabu kubwa. Kwa nini? Kwa sababu shilingi moja ya zamani ilikuwa sawa kabisa na shilingi moja mpya, na kwa muda zote mbili zilipokelewa sokoni. Mama muuza ndizi hakuhitaji kufanya hesabu yoyote mpya. Alipokea hii, akatoa ile, mpaka ile ya zamani ikatoweka mikononi mwa watu.

Linganisheni na jambo la juzi. Benki Kuu ilitangaza mwaka wa 2024 kwamba noti za matoleo ya kuanzia mwaka wa 1985 mpaka 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka wa 2010, zitaondolewa katika matumizi. Watu wakapewa muda wa kubadilisha, kuanzia tarehe 6 Januari 2025 mpaka tarehe 5 Aprili 2025, katika ofisi za Benki Kuu na katika mabenki ya biashara. Baada ya siku hiyo ya mwisho noti hizo si malipo halali tena.

Habari ilitolewa. Muda wa kupishana ulikuwa miezi 3. Mkalimani alikuwa benki, naye hakutoza kitu: unampa noti ya zamani, anakupa thamani ile ile. Basi ni nani aliyekuwa katika hatari? Ni yule aliyekuwa ameficha akiba yake ndani ya godoro au chini ya sanduku, hasomi matangazo, wala hana mtu wa kumsomea. Noti yake ilikuwa nzima, rangi zake zile zile, picha zake zile zile. Lakini tarehe 6 Aprili ilikuwa karatasi tu. Ndugu zangu, hapa mnaona kazi ya kisomo. Tangazo la mistari mitano linaweza kuwa na thamani ya akiba ya miaka mitano.

4. Usiku wa mwisho wa mwaka 2012

Sasa tufike kwenye mfano mkubwa wa somo letu.

Televisheni ilianza mapema Zanzibar, katika miaka ya 1970. Bara tulingoja mpaka mwaka wa 1994, zilipoanza stesheni za watu binafsi kama ITV. Televisheni zote za siku zile zilitumia namna ya utangazaji inayoitwa analojia. Maana yake ni kwamba picha na sauti zilisafiri hewani kwa mawimbi yanayopanda na kushuka kwa kuifuata picha yenyewe. Namna ya pili huitwa dijitali. Katika namna hii picha hugeuzwa kwanza kuwa tarakimu, sifuri na moja nyingi sana, kisha tarakimu hizo ndizo zinazorushwa hewani.

Faida ya dijitali ni nini? Njia moja ya mawimbi iliyokuwa ikibeba stesheni moja tu ya analojia, sasa inaweza kubeba stesheni nyingi. Ni kama gari moja lililokuwa likibeba abiria mmoja, sasa linabeba wengi. Njia zinazobaki wazi hutumiwa kwa mawasiliano ya simu na intaneti. Kwa sababu hiyo mataifa mengi yalipatana mjini Geneva mwaka wa 2006 kwamba utangazaji wa analojia ukome, na kwa nchi nyingi siku ya mwisho ikawa tarehe 17 Juni 2015.

Tanzania haikungoja siku hiyo. Ilikuwa nchi ya kwanza Afrika Mashariki kuanza kuzima mitambo ya analojia. Tarehe 31 Desemba 2012, saa sita ya usiku, mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa. Mwaka wa 2013 ikafuata miji mingine, kama Dodoma, Tanga, Mwanza, Moshi, Arusha na Mbeya, mji baada ya mji.

Basi mtu wa Kariakoo au Ilala aliyekuwa na televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa, aliiwasha siku ya mwaka mpya akaona chenga tupu. Televisheni yake haikuwa mbovu. Hewani palikuwa na lugha ya tarakimu, na yeye alikuwa na chombo kinachojua lugha ya mawimbi ya zamani tu.

Je, ilimpasa aitupe? La. Hapa ndipo alipoingia mkalimani wetu. Aliwekwa kati ya antena na televisheni, akapokea tarakimu, akazigeuza kuwa picha ambayo televisheni ya zamani inaifahamu. Watu wetu walimpa jina zuri sana, king'amuzi. Jina hili limetoka katika neno kung'amua, yaani kuelewa jambo ambalo si wazi. Hawakukopa jina la kigeni. Walitazama kazi yake, wakakiita kwa kazi yake. Kariakoo ikajaa ving'amuzi, na mafundi wakapata kazi mpya ya kuvifunga na kuelekeza antena.

Tuulize maswali yetu. Habari ya mapema ilikuwapo. Matangazo yalitolewa redioni, magazetini na katika televisheni zenyewe. Muda wa kupishana ulikuwapo pia, maana dijitali ilianza kurushwa kabla ya analojia kuzimwa. Mkalimani alikuwapo. Lakini gharama ililipwa na nani? Ililipwa na mwananchi. Bei ya king'amuzi ilikuwa moja kwa mwenye ghorofa na kwa mwenye chumba kimoja cha kupanga. Tena baada ya kukinunua kulikuwa na malipo ya kila mwezi kwa atakaye stesheni nyingi. Stesheni za nyumbani zilipaswa kuonekana bila malipo hayo, na bado walikuwapo watu waliolalamika kwamba malipo yakiisha hawaoni kitu. Mashauri juu ya jambo hili yaliendelea kwa miaka kadhaa.

Jirani zetu wa Kenya walipata taabu ya namna nyingine. Serikali ilipozima analojia mwezi Februari 2015, ilikuwa na mgogoro na wenye stesheni kubwa juu ya mitambo ya dijitali. Kwa majuma kadhaa stesheni za NTV, KTN na Citizen hazikuonekana. Mtu aliyekuwa na king'amuzi chake tayari naye alikaa gizani. Tunajifunza kwamba haitoshi mtumiaji mmoja kuwa tayari. Pande zote mbili, anayesema na anayesikia, sharti zivuke pamoja.

Toka siku zile neno analojia limeingia katika mizaha yetu. Mtu asiyejua mambo mapya huambiwa, "Wewe bado analojia." Ni mzaha tu, lakini mtu mwenye busara haoni haya kuwa na chombo cha zamani. La aibu ni kujua kwamba siku ya mwisho inakuja, na kukaa bila kuuliza.

5. Simu mkononi

Baada ya televisheni ikaja zamu ya simu. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilifungia simu bandia zisipate mtandao. Kila simu halali ina namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15. Watu walifundishwa kubonyeza *#06# ili waione namba hiyo, kisha waitume kwenda 15090 wapate majibu kama simu ni halali. Miezi mingi kabla ya siku hiyo matangazo yalikuwa yakitolewa.

Katika jambo hili hapakuwa na king'amuzi. Simu bandia haikuweza kusaidiwa na fundi; ilibidi kununua nyingine. Lakini mkumbuke tofauti moja iliyowaokoa wengi. Laini ya simu haikufungwa. Fedha zilizowekwa katika huduma za simu hazikukaa ndani ya kile chombo, zilikaa katika akaunti ya ile laini. Mtu aliitoa laini, akaiweka katika simu halali, akakuta fedha zake zote. Kilichopotea kwa wengine ni majina, namba na picha zilizohifadhiwa ndani ya simu yenyewe, kwa sababu hawakuzihamisha mapema.

Zile zilikuwa simu bandia. Lakini simu halali nazo hufikwa na mambo kama yale ya televisheni. Wengi wenu mnaijua WhatsApp, programu ya kupelekeana habari. Wenye programu hiyo waliacha kuitengeneza kwa simu za BlackBerry za mtindo wa zamani mwishoni mwa mwaka wa 2017, na kwa simu ndogo za Nokia za aina ya S40 mwishoni mwa mwaka wa 2018. Nokia ile iliendelea kupiga na kupokea simu kama kawaida. Haikuvunja sheria yoyote. Ila programu moja iliacha kuzungumza nayo. Na uamuzi huo haukutoka Dodoma wala Dar es Salaam. Ulitoka kwa watu walio mbali, ambao hawamjui mwenye simu ile.

6. Lugha za kompyuta nazo huzeeka

Labda mtu atasema, "Wenye elimu kubwa hawapati taabu hizi." Wanazipata, ndugu zangu, na wakati mwingine huwa kubwa kuliko zetu.

Kompyuta haifanyi kazi ila kwa amri. Amri hizo huandikwa katika lugha maalumu zilizotungwa na watu. Mojawapo huitwa Python, iliyotungwa na Mholanzi aitwaye Guido van Rossum na kutolewa mwaka wa 1991. Kama vile kamusi ina chapa ya kwanza na ya pili, lugha hizi nazo hutolewa kwa matoleo. Toleo la 2 la Python lilitoka mwaka wa 2000, na toleo la 3 likatoka mwaka wa 2008.

Toleo la 3 halikulifuata la 2 katika kila jambo. Katika toleo la 2, ukitaka kompyuta ionyeshe maneno yako, unaandika amri na maneno hayo basi. Katika toleo la 3 lazima uyaweke maneno ndani ya mabano. Mtu angeelewa hata bila mabano. Kompyuta haielewi, inakataa. Kosa la namna hii ni jepesi, maana linajionyesha lenyewe.

Lakini liko jambo jingine la hatari zaidi. Ukiliambia toleo la 2 ligawanye 7 kwa 2, linajibu 3, linaacha kilichobaki. Toleo la 3 linajibu 3.5. Amri ni ile ile, jawabu ni jingine, wala kompyuta haipigi kelele. Fikirini mwenye duka anayegawanya kilo 7 za sukari kwa watu 2. Kwa toleo moja kila mtu anapata kilo 3. Kwa toleo la pili anapata kilo 3 na nusu. Ndiyo sababu waandishi wa programu walilazimika kupima upya kila hesabu, wala wasitosheke kuona kwamba programu inawaka.

Mwanzoni siku ya mwisho ya toleo la 2 ilikuwa mwaka wa 2015. Watu wengi sana walikuwa hawajahama, na mwaka wa 2014 siku hiyo ikasogezwa mpaka tarehe 1 Januari 2020. Baada ya siku hiyo toleo la 2 halikuzimika. Kompyuta yenye toleo hilo iliendelea kulitumia. Lakini watunzaji wake waliacha kulirekebisha, hata likionekana tundu la kupitia wezi. Kisha vifaa vinavyolizunguka vikaanza kuliacha, kimoja baada ya kingine. Mwezi Januari 2021 hata pip, kifaa cha kuleta na kufunga sehemu za programu, kikaacha kulipokea. Ni kama gari zima la zamani: linatembea vizuri, lakini vipuri vyake havitengenezwi tena.

Na hawa nao walikuwa na ving'amuzi vyao. Kilikuwapo kifaa cha kusoma amri za zamani na kuziandika upya kwa namna mpya. Kilikuwapo kingine kilichoitwa six, yaani sita, kwa sababu 2 mara 3 ni 6. Hicho kilimwezesha mtu kuandika amri zinazokubaliwa na matoleo yote mawili kwa pamoja. Walioanza mapema walihama sehemu kwa sehemu, huku kazi yao ikiendelea. Waliongoja mpaka mwisho walihama wakikimbia, na anayekimbia na mzigo huangusha vitu.

7. Tunajifunza nini?

Wazee husema, ukiona cha mwenzio chanyolewa, chako tia maji. Katika historia hizi zote tumeona mambo manne ya kushika.

Kwanza, jueni siku ya mwisho. Waulizeni wanaosoma matangazo, na ninyi mnaosoma wasomeeni wasiosoma. Asiyejua tarehe hawezi kujiandaa.

Pili, tenganisheni chombo na kile kilichomo. Simu si majina yaliyo ndani yake. Herufi si elimu yenyewe. Chombo chaweza kuachwa. Kilichomo sharti kihamishwe wakati cha zamani kingali kinafanya kazi. Andikeni namba muhimu katika daftari. Hiyo ndiyo faida ya kalamu mnayojifunza kuishika.

Tatu, tafuteni mkalimani, lakini kumbukeni kwamba yeye ni daraja. Daraja ni la kupita. King'amuzi kilimpa mtu nafasi ya kukusanya fedha mpaka aweze kununua televisheni mpya. Aliyekitupa chombo chake siku ya kwanza alipoteza fedha bure, na anayedhani king'amuzi kitamtosha milele atashangazwa tena.

Nne, ulizeni gharama italipwa na nani. Kubadili mambo si vibaya; analojia ilistahili kuondoka, na shilingi yetu ilistahili kuja. Lakini mwenye kubadili ana wajibu kwa anayebadilishiwa. Ana wajibu wa kumpa habari, muda na mkalimani. Yule mzee wa herufi za Kiarabu alinyimwa mkalimani, na taifa likapoteza wasomaji wengi kidogo kidogo bila kuona. Mkiitwa katika mikutano ya mtaa na kuulizwa maoni, lisemeni jambo hili bila woga.

Maneno ya kujifunza

Analojia: namna ya zamani ya kurusha picha na sauti kwa mawimbi yanayoifuata picha yenyewe.
Dijitali: namna mpya ya kurusha picha na sauti kwa tarakimu.
King'amuzi: chombo kinachogeuza tarakimu ziwe picha kwa ajili ya televisheni.
Toleo: chapa au namna moja ya kitu kinachotolewa tena na tena.
Tahajia: namna ya kuandika maneno kwa herufi zake.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kuna tofauti gani kati ya kitu kibovu na kitu kilichopitwa na wakati? Toeni mfano mmoja mmoja kutoka nyumbani kwenu.
2. Kwa nini mabadiliko ya shilingi ya mwaka wa 1966 hayakuwapa watu taabu kubwa?
3. Katika nyumba yako, ni kitu gani ambacho kikiacha kuitikiwa kesho utapata hasara? Andika jina lake, kisha andika kilichomo ndani yake ambacho ungetaka kukihamisha leo.

Andikeni majibu ya swali la tatu katika madaftari yenu, kila mtu kwa mkono wake mwenyewe, mje nayo katika somo lijalo. Kwaherini.